Kambare wa Arubaini

Mwaka huu vuli ilichelewa, na Bi Khairiya akawa mtu wa kutizama juu. Waliompita njiani wakamuona vile, shingo kaikunja, macho mawinguni, wakadhani anaomba. Hakuwa akiomba. Alikuwa anangoja mvua inyeshe ili mto wa Kwanyange ushushe maji mapya, kambare watoke kwenye matope walimojifukia kiangazi kizima, awavue kabla ya hitma. Hakuwa na haja nyengine duniani.

Hitma yenyewe ilikuwa ya arubaini ya mwanawe, Suhail, mtoto wake wa pekee, aliyeanguka na mkarafuu. Tawi lilikatika, akaja chini, na wenziwe walipoteremka mitini kumkimbilia, keshakwisha. Walimleta nyumbani nguo zake zinanukia karafuu mbichi. Wanawake wakapiga mayowe, mmoja akazimia mlangoni, ikabidi amwagiwe maji. Khairiya yeye alimtizama mwanawe pale alipolazwa, akauliza kama kuna mtu keshateka maji ya kumuoshea, kisha akaenda kutafuta kata.

Tangu hapo, hakuna kitu. Matanga yaliwekwa na yakaondoshwa, naye hakutoa chozi. Wengine walisema masalale, mwanamke yule kajaaliwa subira. Wengine wakasema hiyo si subira, ana roho ngumu, mtoto mmoja huzikwa hivi? Wote hawakujua kitu. Khairiya hakuwa na subira wala hakuwa na roho ngumu. Alikuwa hasikii. Ukiukalia mguu vibaya hufa ganzi, ukaubonyeza ukaona kama wa mtu mwengine. Basi yeye alikufa ganzi mwili mzima na moyo juu yake. Alikula asijue kama chumvi imezidi au imesahauliwa. Alilala, aliamka, alifagia uwanda, alisali, akitoa salamu hakumbuki alichosoma.

Na kubwa kuliko yote, ambalo hakumwambia mtu, ni kwamba mwanawe hamjii. Jina lake analijua, sura yake anaijua, lakini kule kukumbuka kwenyewe, kule kwa mtu kuingia moyoni ghafla ukiwa unapeta mchele ukaacha ungo, hakukuwepo. Alikuwa akikaa kitako anajilazimisha kumfikiri, anapata picha tu kama zile za vitambulisho. Hilo lilimtisha, kwa kadiri alivyokuwa anaweza kutishika.

Jambo moja tu ndilo alilokuwa nalo kwa uhakika: Suhail alikuwa akipenda kambare. Tangu mdogo. Kambare wa kwanza wa vuli, aliyevuliwa na mama yake, akapikwa na nazi na bizari na ukwaju kidogo, Suhail hakuwa akila tu, alikuwa anafuta sahani, halafu anauliza kama amebaki. Hata alipooa akahamia nyumba ya pili, vuli ikifika alikuwa haitwi. Anakuja mwenyewe, anakaa kwenye kibao, anasema, "Mama, mto ushateremka?"

Na kwao Khairiya, hitma ya arubaini hupikwa pilau kama zote, lakini pembeni ya pilau hutiwa na kile alichokuwa akikipenda maiti, watu wakile, wamuombee. Bibi yake walimpikia shelisheli. Mumewe, Hafidh, aliyekufa Suhail akiwa bado mtoto mdogo wa chuo cha Kurani, walimpikia pweza. Sasa zamu ya Suhail. Khairiya aliona kuwa hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho ya umama, na alitaraji, ingawa hakulisema, kwamba watu wakila chakula kile mwanawe atamjia.

Wifi yake, Bi Mwanamize, dada mkubwa wa marehemu Hafidh, alipigiwa simu Tumbe kuarifiwa siku ya hitma. Akauliza kitapikwa nini. Akaambiwa.

"Kambare?" Simu ilikaribia kupasuka. "Kambare gani, Khairiya? Samaki wa matope?"

"Alikuwa akimpenda."

"Mtoto hupenda hata udongo! Sie watu wa Tumbe, bahari iko mlangoni, changu, kolekole, nguru, Mungu katupa. Leo watu waje hitma ya mwana wa kaka yangu wakute kambare kwenye sinia? Unataka niufiche wapi uso huu?"

"Utakuja nao tu, wifi. Hitma ni Ijumaa."

"Nakuja na changu! Tenga zima!"

"Njoo nao," alisema Khairiya, akazima simu, akatoka nje kutizama mawingu.

Wala hakukasirika. Wakati mwengine maneno kama yale yangempandisha damu wiki nzima, maana hawa wawili hawakuanza jana. Sasa yalipita kama tangazo la redio ya jirani.

Lakini hakukaa hivi hivi. Alikwenda kwa Mwalim Hamdan, mwalimu wa chuo aliyemfundisha Suhail alifu kwa kijiti, akamuuliza kama kambare anafaa kutolewa sadaka. Mwalim alikuwa anashona kiatu chake mwenyewe, akainua uso.

"Bi Khairiya, halali ni halali. Samaki hana Tumbe wala hana bondeni. Mtu atizame nia yake tu."

"Basi na wewe utakula?"

"Nitakula mpaka unifukuze," alisema Mwalim. Alitaraji atacheka. Khairiya alimshukuru akaondoka.

Mvua ilikuja siku mbili kabla ya hitma. Ilikuja kwa kishindo, na asubuhi yake mto ulikuwa rangi ya chai ya maziwa, unasukuma mabua na makuti, na maji yameshaanza kuingia kwenye makonde ya mpunga. Khairiya alichimba nyambo, minyoo ya kuvulia, nyuma ya migomba, wanene, akawatia kwenye kopo na udongo wao. Akachukua ufito wake wa mwanzi na mshipi wa kuvulia, akajifunga kanga kiunoni, akashuka.

Bondeni alimkuta Asya, jirani yake, analima konde lake. Asya ni mwanamke wa maneno, kaachwa mara mbili na hakuna hata mara moja iliyomnyamazisha.

"Ushafika na ufito wako!" alisema. "Wenzio wanakuja bondeni kutafuta riziki, wewe unafuata wenye masharubu. Haya, ukipata mwenye masharubu mazuri nizuilie mmoja, mie sina mume."

Kila vuli alikuwa akiusema mzaha huo, na kila vuli Khairiya alikuwa na jawabu lake, ambalo halifai kuandikwa. Safari hii alisema tu, "Sabalkheri, Asya," akapita. Asya alibaki na jembe lake mkononi, kicheko kimemkauka.

Pahali pake palikuwa chini ya miwale, mto unapokunja. Hapo ukingo umeliwa kwa chini, na maji yanayokwenda mbio katikati hupoa na kuzunguka. Kambare akipanda na maji mapya hupumzika hapo. Khairiya alitia nyambo kwenye ndoana, akaacha ncha yake ichezecheze, akatupa juu kidogo ili maji yenyewe yaishushe. Kisha akangoja.

Kambare si samaki wa pupa. Anaijia nyambo kwa masharubu, anaipapasa, anaiacha, unadhani kaondoka. Anairudia. Mvuvi mwenye papara akiusikia mshipi umeguswa huuvuta, akatoka na ndoana tupu. Inatakiwa umwachie. Umwachie amumunye, ajiaminishe, aanze kwenda zake nayo, mshipi uanze kukaza kidole, hapo ndipo unampiga. Khairiya alikuwa hodari wa kungoja hata siku zake za kawaida, na siku hii alingoja bila taabu yoyote, kwa kuwa hakuwa na kitu chengine ndani ya kifua. Mshipi ulipokaza alimpiga. Alikuwa mkubwa, mweusi mgongoni, anajipinda. Akampiga wa pili. Wa tatu alimkatia mshipi, akafunga ndoana nyengine, akaendelea. Jua lilipanda, mbu wakamla miguu, hakuwafukuza.

Kambare ana miiba miwili, kila upande mmoja, nyuma ya mashavu. Anayewajua humbana kwa nyuma, vidole chini ya miiba, naye hawezi kitu. Khairiya ndiye aliyewafundisha hivyo wanawake wa kiamboni. Lakini siku hiyo, kambare mmoja alipoanguka kwenye majani, aliinama akamuokota kama mtu anayeokota kifuu.

"We mwanamke!" Asya alipiga kelele kutoka kondeni. Alikuwa akija na maji ya kunywa. "Mkono! Mkono wako!"

"Una nini?"

"Damu, Khairiya! Unatiririka damu!"

Khairiya akautizama mkono wake. Mwiba ulikuwa umeingia chini ya kidole gumba, na damu imeshuka mpaka kwenye kiwiko, inadondoka kwenye matope. Akauchomoa mwiba, akamtia samaki kwenye kikapu.

"Kanichoma," alisema.

"Huumwi?"

Khairiya alifikiri. Mwiba wa kambare unauma, hilo kila mtu analijua, wanaume hulia. "Sijui," alisema.

Asya akayatua yale maji chini. Alichana kipande cha kanga yake, mpya pia, akamfunga mkono, na alipokuwa anafunga machozi yakaanza kumtoka. Khairiya alimwangalia analia. Alitamani amuulize inakuwaje, inaanzia wapi, lakini aliona ni swali la kichaa, akalimeza.

Ijumaa watu walijaa. Turubai lilifungwa uwandani, wanaume wakagawana juzuu, na sauti ya kusoma ikafika mpaka jikoni nyuma ya nyumba, ambako wanawake walikuwa wanapambana na moshi. Bi Mwanamize aliingia na watu wake wa Tumbe na tenga lake la changu, akakumbatia, akalia kwa sauti kama inavyopasa, akapangusa machozi, kisha akafunua chungu.

"Lahaula! Kweli umepika!"

"Nimepika."

"Na vichwa vyake? Na masharubu yake haya?"

"Kichwa ndicho alichokuwa akikipenda zaidi."

"Basi chakula hiki kitoke mwisho kabisa, Khairiya. Watu wameshashiba, wapewe watoto. Nisitiri, mwenzangu."

"Wifi," alisema Khairiya, kwa sauti ile ile angeiombea chumvi, "kama hakitatoka kwenye kila sinia, pilau naimwaga."

Alivyosema, kila mtu jikoni aliamini. Bi Mwanamize alifunika chungu taratibu, akaenda kukaa kwenye mkeka. Na mwenyewe Khairiya, mkono umefungwa kitambaa, alipakua bakuli baada ya bakuli, akatia moja kwenye kila sinia la pilau.

Huko nje Mwalim Hamdan alipomaliza dua alisema, "Jamaa, mnaona bakuli hizi. Hiki ni chakula alichokuwa akikipenda marehemu, na mama yake kakivua kwa mkono wake. Tuleni kwa nia hiyo." Akawa wa kwanza kutia mkono. Watu wa bondeni wakafuata, wao kambare wanamjua. Watu wa Tumbe walitizamana, kisha mmoja akaonja mchuzi, akaonja tena, na mambo yakenda. Masinia yalirudi na mifupa mitupu. Hata kule kwa wanawake, Bi Mwanamize alimega kipande kidogo kwa ncha za vidole, akasema, "Kumbe hanuki," halafu akavuta bakuli karibu yake kimya kimya.

Basi lililotakiwa likawa. Kikaliwa chote, wakaomba wote. Khairiya alisimama karibu na meko na mwiko mkononi, akangoja. Alingoja kama alivyongoja mtoni, bila kuvuta. Watu walipita, waliaga, walisema Mungu amuweke pahali pema. Hakuna kilichokuja. Suhail hakumjia. Aliona vizuri kabisa, kama mtu anayesoma bango, kwamba huu ndio utakuwa umri wake uliobaki, na wala hilo nalo halikumuuma.

Akauweka mwiko chini. Ilikuwa imebaki sahani moja aliyoitenga tangu mapema, ya mkaza mwana wake, Nahla, mke wa Suhail. Nahla alikuwa chumba cha ndani, anakaa eda, hatoki. Walikuwa wameoana karibuni tu, hawajajaaliwa mtoto. Khairiya alichukua wali, akatia kichwa cha kambare kikubwa kuliko vyote, akaingia chumbani akaurudisha mlango.

"Kula, mwanangu," alisema. "Hiki ndicho alichokuwa akikipenda mwenzio."

Nahla aliitizama sahani. Akamtizama mkwewe. Akaitizama tena sahani, na yule kambare wa watu kakaa juu ya wali masharubu yake yamelala huku na huku. Kisha Nahla akacheka.

Alicheka kweli, kicheko cha tumbo. Mtu wa eda, siku ya arubaini ya mumewe, nyumba imejaa wakwe! Akajiziba mdomo kwa ushungi, mabega yanamtetema, machozi yanamtoka.

"Unacheka, Nahla?"

"Nisamehe, mama. Wallahi nisamehe. Umemwekea kichwa!"

"Si ndicho alichokuwa akila?"

"Mama," alisema Nahla, na kicheko kikamwisha. Akasokota ncha ya ushungi wake. "Suhail alikuwa hapendi kambare."

"Usimsingizie maiti."

"Simsingizii. Alikuwa hawezi hata harufu yake. Akitoka kwako siku za vuli anakuja nyumbani anasugua mikono kwa majivu, anasugua na ndimu, ananiambia, 'Nipikie chai, Nahla, nimekula matope.' Mwaka jana alitapika nyuma ya choo."

"Alikuwa akiomba aongezwe!" Khairiya alisikia sauti yake imepanda, akashangaa. "Mbele yangu! Kila mara!"

"Alikuwa akiomba. Alisema akiomba sahani ya pili ndipo unapocheka."

Khairiya alikaa kwenye kitanda. Sahani alikuwa bado ameishika. "Kwa nini asiniambie?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema mwaka aliokufa baba yake ulikuwa husemi, hucheki, hulii. Ukimtizama ni kama humuoni. Alikuwa mdogo, akaogopa. Siku moja ukenda mtoni, ukarudi na kambare, ukampikia. Akala anajilazimisha. Alipomaliza akakutizama, akaona umecheka." Nahla akakiangalia kile kichwa cha kambare. "Akasema, 'Hapo nikajua kumbe naweza kumchekesha mama.' Basi ikawa kila vuli."

Khairiya alikuwa kausahau mwaka ule. Alikuwa kasahau kwamba aliwahi kuwa hivi kabla, ganzi hii hii, kwa kifo kile cha Hafidh, na kwamba kulikuwa na mtoto ndani ya nyumba anamwangalia. Sasa alimuona. Si picha ya kitambulisho. Alimuona kwenye kibao, miguu haifiki chini, anasukuma tonge kinywani kwa kidole, anatafuna haraka haraka, macho yako kwa mama yake, anangoja. Na alimuona mwaka jana, mwanamume mzima ana ndevu, tonge lile lile, macho yale yale.

Siku zote hizi za msiba watu walikuwa wakimjia kumwambia Suhail alikuwa mpole, Suhail alikuwa msikivu, Suhail hakuacha sala. Yote alikuwa akiyajua. Hakuna aliyempa habari mpya ya mwanawe. Hii ilikuwa mpya. Kamfanyia jambo umri wake wote, naye ndiyo kwanza analipata leo, na mwenyewe hayupo wa kuambiwa nimejua.

Kilio kilimtoka vibaya. Sahani ilimponyoka, wali ukamwagika mkekani, naye akainama akalia kwa sauti ambayo nje walinyamaza wote. Mkono ukaanza kumuuma, kidole gumba mpaka begani, akalia na hilo pia. Bi Mwanamize akaita mlangoni, "Khairiya! Kuna nini humo?"

Nahla alimshika mabega. "Ningenyamaza, mama. Mie na mdomo wangu. Ningenyamaza."

"Usinyamaze!" Khairiya alimkamata mkono kwa nguvu mpaka msichana akashtuka. "Usinyamaze, mwanangu. Kingine? Niambie kingine alichokuwa hakipendi."

Nahla alifikiri, anajipangusa uso. "Ile kanzu ya kijani. Uliyomshonea Iddi."

"Ile kanzu?"

"Ilikuwa ikimbana makwapa. Alikuwa hawezi kuinua mikono kusali."

"Na akaivaa!"

"Akaivaa Iddi zote mbili."

Khairiya alilia, na katikati ya kulia akacheka, na hakumwachia mkono. "Na kingine?" alisema. "Sema, Nahla. Na kingine?"